Neno Lisilokuwa Kwenye Skripti

Katika vikundi vya sanaa vya Dar es Salaam nilimojifunza kuigiza, karatasi ilikuwa ya hesabu za viingilio tu. Mchana kiongozi anatusimulia kisa: baba mlevi, binti anayeposwa, shangazi mwenye siri. Anagawa nafasi, tunakubaliana nani aingie baada ya nani, basi. Usiku, ngoma na sarakasi zikiisha, kila mtu anajitafutia maneno yake mbele ya watu. Neno likiangusha ukumbi kwa kicheko, kesho lazima lirudi. Aliyelitoa akiugua, anayeshika nafasi yake atalisema, na hakuna wa kudai kwamba lilikuwa lake.

Ndiyo maana hunishangaza jinsi hadithi za Hollywood za maneno yaliyobuniwa papo hapo zinavyosimuliwa, kana kwamba kila neno lilishuka kwa nyota mmoja aliyejaliwa. Zichunguze, utakuta karibu kila neno lina wenyewe wengi.

Tuanzie pale sinema ilipoanza kusema. The Jazz Singer ilioneshwa New York kwa mara ya kwanza tarehe 6 Oktoba 1927. Warner Bros. walikusudia sauti iwe ya muziki na nyimbo, mazungumzo yabaki maandishi kwenye skrini kama ilivyozoeleka. Lakini Al Jolson, akiwa kwenye piano, alimaliza kuimba akamgeukia Eugenie Besserer, aliyeigiza mama yake, akaanza kumpigia soga: atamnunulia gauni, watahamia Bronx. Mama wa watu anacheka, anaguna, hajui ajibu nini, na sauti yote inanaswa. Sifa alipewa Jolson. Mimi nikiitazama namwona Besserer, kwa sababu kule kubabaika kwake ndiko kunakotufanya tuamini kwamba huyu ni mwana na mama yake.

Kichekesho ni kwamba mafanikio ya soga ile ndiyo yaliyoifunga midomo ya waigizaji. Studio zikakimbilia waandishi wa tamthilia. Maikrofoni za mwanzo zilifichwa mahali pamoja, kamera ikafungiwa kwenye kibanda ili mngurumo wake usisikike, na mwigizaji aliyesogea hatua mbili alipotea masikioni. Hapo skripti ikawa sheria.

Sheria ilivunjwa na wenye ubavu. Mwaka 1949, katika The Third Man, filamu iliyopigwa Vienna, mwigizaji Orson Welles aliongeza maneno machache ya kuwakejeli Waswisi: karne tano za amani, na walichozaa ni saa ya ukutani yenye ndege anayelia. Mwandishi Graham Greene alikiri wazi kwamba maneno hayo ni ya Welles. Welles naye alisema wazo alilitoa katika mchezo wa zamani wa Hungaria. Waswisi wakamkumbusha kwamba saa zile asili yake ni Schwarzwald, Ujerumani. Maneno yamebaki, pamoja na kosa lake.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ya filamu ya Jaws, iliyopigwa mwaka 1974 kwenye kisiwa cha Martha's Vineyard. Mashua ya kubebea watu na vifaa ilikuwa ndogo, na watayarishaji walikaza mkono. Wafanyakazi wakawa wanalalamika kwamba inahitajika kubwa zaidi, hadi lalamiko likageuka utani: chakula kikichelewa, mawimbi yakiwazidi, jibu ni lilelile, tafuta mashua kubwa. Carl Gottlieb, mmoja wa waandishi, amesimulia jinsi mwigizaji Roy Scheider alivyolichomeka hapa na pale wakati wa kushuti. Moja likaangukia sini ambayo papa anaibuka karibu naye, likapendwa dunia nzima. Scheider analo kwenye wasifu wake. Wabeba taa na wavuta kamba waliolianzisha hawatajwi.

Na iko filamu inayotugusa sisi wa pwani hii. Mwezi Aprili 2009 meli ya Maersk Alabama ilitekwa na maharamia wa Kisomali ikiwa njiani kuja Mombasa na chakula cha msaada. Paul Greengrass alipotengeneza Captain Phillips, iliyotoka mwaka 2013, aliwazuia waigizaji Wasomali wasionane na Tom Hanks mpaka siku ya kushuti sini ya kuvamia chumba cha usukani. Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu aliyefika Minneapolis akiwa kijana na hakuwa ameigiza filamu yoyote kabla ya hapo, akaingia na kumtangazia Hanks kwamba kuanzia sasa nahodha ni yeye. Hayo hayakuandikwa. Yalimpatia jina, uteuzi wa Oscar na tuzo ya BAFTA. Lakini ule mshtuko wa kukutana kwa mara ya kwanza mbele ya kamera ulikuwa umeandaliwa na Greengrass.

Mwishoni mwa filamu hiyohiyo, Hanks anatetemeka mbele ya mhudumu wa afya wa jeshi la majini. Yule mama hakuwa mwigizaji, ilikuwa ndiyo kazi yake. Waliamua palepale melini kuipiga sini hiyo. Akaambiwa afanye kama anavyomfanyia mgonjwa yeyote, na ule utulivu wa kikazi ndio uliompa Hanks pa kulilia.

Siku hizi waigizaji chipukizi huniambia hawahitaji skripti, maana hata Robert De Niro alijisemea tu kwenye kioo katika Taxi Driver ya mwaka 1976. Ni kweli, mwandishi Paul Schrader aliandika tu kwamba Travis, mhusika wa De Niro, anaongea na kioo, na mwongozaji Martin Scorsese akakaa chini karibu naye akimtaka arudie na kurudia. Ila De Niro alikuwa na kurasa nyingine zote, tena alikuwa amechukua leseni ya teksi na kuendesha abiria wa kweli New York. Nawaambia waje na kisa wanachokijua namna hiyo, na mwenzao wa kuwasikiliza. Wakishafika hapo, nitawaachia nafasi tupu kwenye ukurasa.