Pedro Cieza de León na Ushahidi wa Kipu katika Historia ya Peru

Pedro Cieza de León alizaliwa Llerena, kusini-magharibi mwa Hispania, yapata mwaka 1520. Mwaka 1535, akiwa bado kijana mdogo, alivuka bahari kwenda Amerika, akawa askari katika nchi ambayo leo ni Kolombia. Baadaye aliingia Peru na kujiunga na jeshi la Pedro de la Gasca, lililomshinda mwasi Gonzalo Pizarro mwaka 1548. La Gasca alimfungulia nyaraka za serikali. Mwaka 1550 Cieza alikuwa Cuzco, akiwahoji wazee wa ukoo wa kifalme wa Wainka.

Suala la msingi lililomkabili lilikuwa la ushahidi. Wainka hawakuwa na maandishi ya herufi. Walihifadhi hesabu na habari kwa kipu, yaani nyuzi zenye mafundo zilizosomwa na watunzaji maalumu. Cieza hakuziamini mara moja. Alipofika Marcavillca, katika bonde la Jauja, alimwomba mtawala wa hapo, Guacarapora, amweleze jinsi zinavyotumika. Kipu zikaletwa, nazo zilikuwa na hesabu ya kila walichopewa Wahispania tangu Francisco Pizarro aingie bondeni: dhahabu, fedha, nguo, mahindi na mifugo. Shaka yake ikaondoka. Hivyo basi, ushahidi uliomshawishi ulikuwa pia kumbukumbu ya walioshindwa kuhusu mali iliyochukuliwa na washindi wao.

Hata hivyo, imani hiyo ilikuwa na mipaka. Cieza aliiona dini ya Wainka kuwa kazi ya shetani. Aidha, maelezo yake kwamba watu waliowatangulia Wainka waliishi bila utaratibu yanafanana mno na madai ya watawala wa Cuzco waliomsimulia.

Sehemu ya kwanza ya tarikhi yake ilichapishwa Sevilla mwaka 1553. Mwaka uliofuata alifariki. Sehemu nyingine zilibaki katika hati za mkono. Antonio de Herrera alizitumia kwa wingi bila kumtaja, na katika karne ya 19 William Prescott aliisoma sehemu ya pili akidhani ni kazi ya Juan de Sarmiento. Marcos Jiménez de la Espada aliichapisha kwa jina la Cieza mwaka 1880.

Kwa kuzingatia hayo, maandishi hayawezi kuhesabiwa kuwa ushahidi imara kuliko kipu kwa sababu tu ni maandishi. Mafundo ya Jauja yalikuwa na watunzaji walioweza kuyatolea maelezo. Hati za Cieza, zilipokosa mtunzaji, zilipoteza hata jina la aliyeziandika.