Walioletwa na koloni wakaachwa bila vitambulisho

Na MWANDISHI WETU

MNAMO Oktoba 2016, mamia ya Wamakonde wa Kwale walifunga safari ya kwenda Nairobi, sehemu yake kwa miguu, kumwomba Rais kitu ambacho Wakenya wengi hukipata kwa kupiga foleni: kitambulisho cha taifa.

Wengi wao walikuwa wamezaliwa Kenya. Mababu zao walitoka Msumbiji, iliyokuwa chini ya Wareno, wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Pwani. Miaka zaidi ya 50 baada ya uhuru, vizazi vyao havikuweza kupiga kura, kufungua akaunti ya benki wala kusajili laini ya simu.

Chanzo cha masaibu hayo ni namna Waingereza walivyoijaza Kenya watu. Kila kundi liliitwa kwa kazi yake na kuwekewa masharti yake, na masharti hayo ndiyo yaliyoamua ni nani angekuwa na pa kusimama bendera ya Uhuru ilipopandishwa Desemba 12, 1963.

Uhamiaji wenyewe ni wa kale kuliko ukoloni. Waarabu wa Oman na Hadhramaut na wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wameishi katika miji ya Pwani kwa karne nyingi. Mwaka 1875 wamishonari wa Kianglikana walianzisha kijiji cha Freretown karibu na Mombasa kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kengele ya kijiji hicho ndiyo iliyolipa eneo la Kengeleni jina lake.

Mambo yalibadilika kwa kasi reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Takriban vibarua 32,000 waliandikishwa nchini India kwa mkataba. Hadi reli ilipofika Ziwa Victoria mwaka 1901, karibu 2,500 walikuwa wamefariki dunia. Simba wa Tsavo ndio wanaosimuliwa mpaka leo, ingawa maradhi na ajali viliua watu wengi zaidi.

Vibarua wapatao 6,700 walibaki mikataba ilipokwisha. Hata hivyo, wengi wa Wahindi waliofungua maduka katika vituo vya reli hawakuwa makuli hao, kama inavyodhaniwa. Walikuja kwa nauli zao, hasa kutoka Gujarat na Punjab. Mmoja wa matajiri wa wakati huo, A.M. Jeevanjee, ndiye aliyeanzisha gazeti la African Standard mjini Mombasa mwaka 1902.

Reli ilikuwa imegharimu mamilioni ya pauni, na Kamishna Charles Eliot aliona kwamba walowezi wa Kizungu ndio wangeifanya ijilipe. Sheria ya ardhi ya 1902 iliwaruhusu kukodi mashamba kwa miaka 99. Ile ya 1915 ilirefusha muda huo hadi miaka 999.

Ardhi hiyo haikuwa tupu. Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904, kisha wakahamishwa tena kutoka Laikipia kwa mkataba wa 1911.

Kwa muda mfupi hata Wayahudi wa Ulaya walitengewa sehemu. Mwaka 1903 Uingereza ilijitolea kuwapa eneo la Uasin Gishu, lakini mkutano wa Wazayuni ulilikataa mwaka 1905. Miaka mitatu baadaye Makaburu kutoka Afrika Kusini walipanda huko na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Eldoret ilianzia katika shamba nambari 64, ndiyo maana wenyeji waliuita mji huo Sisibo.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mashamba zaidi waligawiwa askari wa Kizungu. Wahindi walizuiwa kupata mashamba katika nyanda za juu. Wanaume Waafrika, kwa upande wao, walilazimishwa kubeba kipande, karatasi ya kazi iliyoning'inizwa shingoni ndani ya kikopo cha chuma.

Kundi lililotumikia dola kwa muda mrefu zaidi ni Wanubi. Walikuwa askari wenye asili ya Sudan waliochukuliwa na Kapteni Lugard mwaka 1891, na baadaye wakatumika katika jeshi la KAR. Serikali iliwapa makao pembezoni mwa Nairobi, na mwaka 1918 ikatenga rasmi zaidi ya ekari 4,000. Jina la mahali hapo ni lao pia: Kibra, yaani msitu. Hatimiliki hawakupewa.

Kwa sensa ya 1962, Kenya ilikuwa na Wazungu wapatao 56,000 na watu 177,000 wenye asili ya Bara Hindi. Katiba ya uhuru ilimfanya raia moja kwa moja mtu aliyezaliwa Kenya ambaye mzazi wake mmoja pia alizaliwa humo. Wakazi wengine wengi walipewa miaka miwili kuomba.

Walowezi wengi waliuza mashamba na kuondoka, kwa fedha ambazo kwa sehemu kubwa zilikuwa mkopo wa Uingereza kwa Kenya. Wahindi wengi hawakuomba uraia, na sheria za uhamiaji na leseni za biashara za 1967 zilipowabana, walikimbilia Uingereza. Ilipofika Machi 1968, Uingereza ilikuwa imepitisha sheria ya kuwazuia.

Wamakonde na Wanubi hawakuwa na shamba la kuuza wala nchi iliyowangoja. Vijana wa Kinubi waliendelea kuitwa mbele ya kamati za kuwachuja kila walipoomba kitambulisho. Machi 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi.

Msafara wa Kwale ulizaa matunda. Februari 2017 Wamakonde walianza kukabidhiwa vitambulisho, wakatajwa kuwa kabila la 43. Wenye asili ya Bara Hindi walifuata Julai mwaka huo, ingawa wengi wao walikuwa raia kwa miongo kadhaa na walichoongezewa ni nafasi katika orodha. Washona, waliokuja kuhubiri kutoka Zimbabwe ya leo, walikubaliwa kwa tangazo la Desemba 2020. Wapemba, ambao wengi wao ni wavuvi wa Kilifi, walitambuliwa Julai 2023.

Wanubi walipokea hatimiliki yao Juni 2017. Ilikuwa ya ekari 288.