Ukienda Lamu, Shukia Witu

Desemba iliyopita nilipanda basi la Lamu kutoka Malindi. Nyuma yangu walikaa marafiki watatu wa Nairobi, wanapanga holidei yao: Ngome ya Lamu, ufuo wa Shela, magofu ya Takwa, picha na punda. Basi likasimama Witu kama dakika tano. Hakuna aliyeinua macho kwenye simu. Mimi nikashuka.

Kijana wa bodaboda aliniangalia juu mpaka chini. "Umepotea, bro? Hapa hakuna kitu ya kuona. Watalii huenda Lamu."

Kwa macho tu, hakukosea. Niliona maduka, msikiti, akina mama wanauza maembe, vumbi. Pale stendi sikuona hata kibao cha kuniambia niko wapi. Lakini mimi nilikuja kwa sababu ya mkataba. Chuo niliacha mwaka wa pili, na huu mkataba ni kati ya vitu vichache vya darasani ambavyo havijawahi kunitoka.

Miaka ya 1860, Ahmed bin Fumo Luti, wa ukoo wa Nabahani uliotawala Pate kwa karne nyingi, aliwakimbia Wabusaidi wa Zanzibar akajenga mji hapa, ndani ya msitu. Watu walimwita Simba. Msitu ndio uliokuwa ukuta wake. Wakimbizi wa kila aina walimfuata, wakiwemo watumwa waliotoroka mashamba ya Pwani. Tusimfanye malaika lakini, maana watu wa Witu nao walivamia mashamba na kuteka watu.

Shida yake kubwa ilikuwa Sultani wa Zanzibar. Mwaka wa 1885 akapata ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, akawapa ardhi, na Ujerumani ikatangaza kwamba Witu iko chini ya ulinzi wake. Ulinzi wenyewe ulidumu miaka mitano.

Tarehe 1 Julai 1890, Ujerumani na Uingereza zilitia saini mkataba kule Berlin. Mjerumani aliachia Witu na akakubali Zanzibar iwe chini ya Mwingereza. Kati ya alivyopewa ni Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Utasikia watu wakisema Zanzibar ndiyo iliyobadilishwa na Heligoland. Zanzibar haikuwa ya Mjerumani. Alichokuwa nacho mkononi ni Witu. Simba alikuwa ameshafariki, na Fumo Bakari, aliyemrithi, hakuwa kwenye hiyo meza.

Septemba hiyo hiyo, Mjerumani mmoja, Andreas Küntzel, aliyekuja na mpango wa kupasua mbao, aligombana na watu wa mji. Yeye na wenzake kadhaa wakauawa. Oktoba, Admirali Fremantle wa Uingereza akaja na wanamaji, wakauteka mji na kuuchoma. Fumo Bakari akakimbilia msituni, na mwanzoni mwa 1891 akafa.

Sasa tuangalie upande wa pili wa hiyo biashara. Heligoland sijafika, pasipoti yenyewe sina. Lakini najua watalii huvuka kwa meli kwenda kuona Lange Anna, jabali jekundu la mita 47 linalosimama peke yake baharini, na sili wanaolala mchangani, halafu wananunua vitu bila ushuru. Kisiwa chenyewe, ukijumlisha na kile kidogo cha pembeni, hakifiki kilomita mbili za mraba.

Na usidhani wenyewe waliponea. Mwaka wa 1947 Waingereza walilipua huko maelfu ya tani za silaha zilizobaki vitani, mpaka sura ya kisiwa ikabadilika. Kikarudishwa mwaka wa 1952, wenyeji wakarudi, wakajenga upya, na hadithi yao wakaiweka mbele ya mgeni.

Kwa hivyo moto peke yake hauelezi kimya cha Witu. Mji ulichomwa, sawa. Lakini Takwa ni magofu na tunalipa kiingilio. Nadhani tumezoea kuita kivutio kile tu kilichobaki kimesimama, na aliyebomolewa mpaka chini hapati hata kibao.

Yule kijana wa boda nilimsimulia yote haya tukinywa chai kibandani. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwisho akauliza, "Hicho kisiwa, mtu akitoka hapa nauli ni pesa ngapi?"

Nikamwambia sijui, lakini ni nyingi.

"Na wao kule, wanajua Witu?"

Hilo nalo sikuwa na jibu. Alinizungusha mjini saa nzima, akakataa kupokea zaidi ya mia mbili. Basi lililofuata lilipofika, alinishika bega akamwambia makanga, "Huyu hajapotea, alikuja kutembea Witu."