Hewa ya ndani, vumbi la nje

Ujerumani, mkataba wa kupanga nyumba unaweza kumtaka mpangaji afungue madirisha kila siku, hata theluji ikiwa inaanguka. Desturi yao ni kuyafungua wazi kabisa kwa dakika tano au kumi, hewa ya ndani itoke na ya nje iingie, kisha kuyafunga kabla kuta hazijapoa. Kuvu ikiota ukutani, mwenye nyumba na mpangaji wanaweza kufikishana mahakamani kuulizana nani alisahau kufungua. Lubumbashi, mpangaji wa Katuba, wa Ruashi au wa Kenya (mtaa wetu wa Kenya, si nchi) huagizwa kinyume chake: funga dirisha kabla jua halijazama. Kuna mbu, kuna wezi, na katika Juni na Julai kuna baridi. Watu hawa wote wanalinda afya ya walio ndani. Wanachotofautiana ni upande anaotokea adui.

Wazungu wa karne ya 19 waliamini kwamba adui yuko ndani. Mwaka 1858, huko München, Max von Pettenkofer alipima hewa ya vyumba na kupendekeza kipimo ambacho wahandisi wanakirejea hadi leo: gesi ya kaboni tunayoitoa kwa kupumua ikizidi sehemu moja katika elfu, chumba hicho hakifai kukaliwa. Hakusema gesi hiyo ndiyo inayoua. Kwake ilikuwa ishara ya kiasi cha pumzi za wengine zilizobaki chumbani. Mwaka uliofuata, 1859, Florence Nightingale aliandika kitabu chake cha uuguzi na kuweka hewa mbele ya dawa na mbele ya chakula: hewa ya mgonjwa iwe safi sawa na ya nje, bila kumtia baridi. Tumtendee haki: alijua pia kwamba dirisha linaloangalia mfereji mchafu halileti uzima.

Karne moja na nusu baadaye, mji wa Lima, Peru, uliipa imani hiyo uzito wa vipimo. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2007 walipima vyumba 70 katika hospitali 8. Madirisha na milango ilipofunguliwa, hewa ilibadilika mara 28 kwa saa. Vyumba vya kisasa vyenye mashine za kusukuma hewa vilifika mara 12. Majengo ya zamani, yaliyojengwa kabla ya 1950 kwa dari ndefu na madirisha mapana, yalishinda mapya, na ndani yake hatari ya kuambukizwa kifua kikuu ilikadiriwa kuwa ndogo zaidi. Kwa Kongo, ambayo ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo, habari hii ya Lima ni ya kwetu kabisa. Familia ya watu wanane inayolala katika vyumba viwili na dirisha likiwa limefungwa inagawana kila kikohozi.

Na Lubumbashi ina adui wa ndani ambaye München ya leo imemsahau: makala, yaani makaa ya kupikia. Kuanzia Mei usiku unakuwa mkali, kwa kuwa mji huu uko juu, kama mita 1,200 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Baada ya bukari (ugali) kuiva, mbabula yenye makaa mekundu huingizwa ndani ipashe chumba joto. Makaa hayo hayatoi moshi wa kuonekana, ndiyo maana watu huyaamini. Lakini yanatoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlaza mtu usingizi asiamke. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba hewa chafu inayotokana na kupikia ndani ya nyumba iliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Hapa Mjerumani na mama wa Katuba wanakubaliana bila mkalimani: toa moto nje, fungua. Vijiji vya Wabemba na Walamba vilikuwa vimeyatenganisha mambo haya tangu zamani. Jikoni lilikuwa na paa lake, chumba cha kulala kivyake, na mazungumzo yalikuwa chini ya nsaka, kibanda kisicho na kuta, ambamo hewa haiombi ruhusa. Ni mji uliokusanya vyote chini ya bati moja.

Lakini hapo ndipo mafundisho ya Ulaya yanapoanza kutupungukia. Nightingale alitaka hewa ya ndani ifanane na ya nje. Je, hewa ya nje ikoje katika mji uliozaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na ambao tanuru lake liliwashwa mwaka 1911? Kwa miongo mingi pepo za kusini-mashariki ziliusukuma moshi wa bomba kubwa kuelekea kaskazini-magharibi, na ukanda uliokuwa chini yake ulipoteza miti yake. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa Katanga: kobalti ilikuwa nyingi mno kwa walioishi karibu na migodi na viwanda, na watoto walikuwa nayo kupita wazazi wao. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kwa watoto vumbi lina sehemu kubwa katika jambo hilo, kwa sababu mtoto hucheza sakafuni na kutia mikono mdomoni. Kule Kasulo, Kolwezi, ambako watu walichimba mashimo hata ndani ya maboma yao, vumbi la nyumbani lenyewe lilikuwa limejaa madini.

Kwa hiyo dirisha la Lubumbashi lina kazi mbili zinazogombana. Likifungwa, pumzi, unyevu na gesi ya makaa vinabaki. Likifunguliwa mchana wa Agosti, wakati barabara ya udongo imekauka na malori yanapita, linaingiza kile ambacho mama amekipangusa asubuhi.

Kuna jambo jingine linalotutofautisha na Wajerumani, nalo si la hali ya hewa. Kwao, kufungua dirisha ni mazoea ya nyumbani yaliyokua pamoja na sayansi yao. Kwetu, usafi wa nyumba ulifika mjini ukiwa amri. Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa enzi za ukoloni, ilipangwa kwa kutenga mji wa Wazungu na mji wa Waafrika, na katikati pakaachwa eneo tupu, lililotetewa kwa hoja ya afya: eti mbu asiruke kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya migodi ya Union Minière ilipoamua kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao, kambi zilipata nyumba za matofali, zahanati, na wakaguzi. Nyumba iliangaliwa, kitanda kiliangaliwa, na baadaye akina mama walifundishwa namna ya kupanga vyumba. Sikatai kwamba watoto wengi walipona kwa sababu hiyo. Wazee waliokulia kambini bado wanausifu usafi wa wakati ule, na sifa yao ni ya kweli. Lakini nyumba inayosafishwa kwa ajili ya jicho la mkaguzi husafishwa mbele. Kinachosukumwa chini ya kitanda hakihesabiki. Nadhani tabia hiyo haijatuacha: ua unaofagiwa alfajiri mpaka unang'aa, na chumba cha nyuma ambacho mgeni haingii.

Pwani, hewa haikuhitaji mkaguzi, ilijengwa. Nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar zina kiwanda katikati, ua ulio wazi juu, ambamo hewa ya moto hupanda na kutoka. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake ulipimwa na boriti ya mkoko, na dari iko juu sana. Ng'ambo ya bahari, katika Ghuba na Iran, mafundi waliinua minara ya kunasa upepo na kuushusha chumbani, kwa kuwa upepo wa juu una vumbi kidogo kuliko wa barabarani. Mswahili wa Lamu anaongeza udi jioni. Hilo ni pambo na heshima kwa mgeni, nami nalipenda, ingawa kwa mapafu moshi wa udi bado ni moshi. Fundi wa Lubumbashi alikuwa na tatizo jingine. Alichukua udongo wa kichuguu, akauchoma, akapata ukuta mzito unaozuia baridi ya usiku; kisha akaweka dirisha dogo lenye vyuma. Kwa Julai alikuwa na hakika. Kwa kifua kikuu hakuwa nayo.

Sasa tuje kwenye vitu vilivyomo nyumbani, kwa maana chumba kilichojaa hakipitishi hewa hata madirisha yakiwa mapana. Japani ya enzi za Edo ilitenga siku ya 13 ya mwezi wa 12 kwa kufagia masizi ya moto wa ndani, na desturi ya kusafisha nyumba nzima mwisho wa mwaka ingalipo. Kutoka nchi hiyohiyo Marie Kondo alitoa kitabu chake, akimtaka msomaji ashike kila kitu mkononi na kubaki na kile tu kinachompa furaha. Wairani, kabla ya Nowruz, huitikisa nyumba yao: mazulia nje, makabati wazi, vilivyovunjika vitupwe. Makunduchi, Unguja, husherehekea Mwaka Kogwa katika Julai, sherehe inayohusishwa na mwaka huohuo wa Kiajemi, lakini kinachosafishwa ni mwaka wenyewe: kibanda cha makuti huchomwa moto uwanjani, na ugomvi wa zamani humalizwa kwa kupigana na migomba. Mwirani hutoa mabaki nyumbani kwake, kila mtu kwake. Mmakunduchi huyachoma hadharani, kwa niaba ya wote.

Ukimletea mkazi wa Kampemba, hapa Lubumbashi, kipimo cha Kondo, kitavunjika upesi. Bidoni kumi za maji kandoni mwa kitanda hazimpi mtu furaha. Zinampa maji siku bomba linapokauka. Gunia la makala limeingizwa ndani kwa sababu nje litaibwa. Wa Tokyo hutupa kirahisi kwa kuwa duka liko karibu na mshahara unajulikana. Anayetunza akiba hapa anafikiri sawasawa kabisa. Na sebule zetu zina sheria yake: katika miaka ya 1970 familia nyingi za mji huu zilitundika ukutani picha za wachoraji wa hapa, kama Tshibumba Kanda Matulu, zikionyesha kijiji cha zamani, ukoloni, mamba muntu (nguva). Waliziita ukumbusho. Kumwambia mtu aondoe ukumbusho ili apumue vizuri ni kumwomba bei isiyo ya haki, na haina haja.

Maana vitu vinavyodhuru mara nyingi ni vingine. Ni rundo la tatu, lisilo akiba wala ukumbusho: redio iliyokufa, magodoro ya marehemu, nguo zilizotundikwa misumarini miaka mitatu, maboksi ambayo hakuna anayejua yana nini. Mbu hupumzika mchana katika giza la nguo hizo. Mende na panya hulelewa humo, na mabaki ya mende huchochea pumu. Wakati wa mvua, ukuta ulio nyuma ya rundo haukauki, kuvu inaota bila kuonekana. Na vumbi la madini linatua juu yake, kwa kuwa hakuna kitambaa kinachofika. Hapo ndipo Mwirani anapotufaa kuliko Kondo: vitoe vyote uani vipigwe jua, bila kuuliza kwanza kipi kibaki. Kikishaonekana mchana, mara nyingi familia huamua yenyewe.

Ratiba yetu haiwezi kuwa ya München. Wakati wa kiangazi afadhali kufungua asubuhi mapema, ua umenyunyiziwa maji na upepo haujaamka, na upande wa uani kabla ya upande wa barabara. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu hurusha tena kile kilichokwisha kutua. Mvua zikishaanza, mara tu baada ya mvua kunyesha ni saa bora ya wiki, hewa imeoshwa. Na kabla ya yote hayo, mbabula ibaki nje, hata Juni, na blanketi la pili litafutwe.

Kinachobaki ni mbu, na hapo ujenzi unapaswa kubadilika. Gambia, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizowekwa wavu milangoni na madirishani, na kuzibwa mianya ya paa, zilikuwa na mbu wachache, na watoto waliopungukiwa damu humo walikuwa wachache zaidi. Mtwara, kusini mwa Tanzania, zimejengwa nyumba 110 za majaribio, za ghorofa moja, watu wakilala juu, na kuta zake kwa sehemu kubwa ni wavu unaopitisha hewa na kuzuia wadudu. Ni wazo zuri kwa nchi ya joto. Katanga, usiku wa Julai unashuka chini ya nyuzi 10, na mtoto aliyelala nyuma ya ukuta wa wavu angeamka akitetemeka. Fundi wetu atalazimika kuoanisha vitu viwili ambavyo Mtwara haikuhitaji kuvioanisha: tofali zito la kichuguu linalotunza joto, na mwanya wenye wavu karibu na dari, wa kufungwa kwa kibao katika miezi mitatu ya baridi na kuachwa wazi miezi tisa.