Nani Ameshika Mizani?

Ndugu mkulima, leo tuweke jembe chini kidogo, tuzungumze historia.

Mara nyingi tunasikia maneno haya: uzalendo wa kiuchumi. Ni maneno makubwa, lakini maana yake si ngumu. Maana yake ni wananchi kuwa na sauti juu ya mali ya nchi yao: nani anaimiliki, nani anapanga bei, na faida inabaki wapi. Wakulima wa pamba wa Usukumani hawakufundishwa jambo hili darasani. Walijifunza kwenye mizani.

Enzi za Mwingereza, mkulima alilima, akapalilia, akachuma, akajitwisha mzigo mpaka kwa mnunuzi. Wanunuzi na wenye vinu vya kuchambulia pamba walikuwa karibu wote wafanyabiashara wa Kiasia. Bei ilipangwa na serikali ya kikoloni, na uzito aliujua mwenye mizani peke yake. Je, ukipunjwa ratili tano, utamshitaki nani, na kwa ushahidi gani?

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakapata dawa. Waliweka wapimaji wao wenyewe. Kabla ya kwenda kwa mnunuzi unapitia kwa mwenzako, unapima, unajua uzito wako. Sasa mnunuzi akitaja ratili pungufu, unamwambia, "Hapana bwana, pima tena." Jambo dogo, lakini hapo mkulima alianza kusimama wima.

Kutoka mizani wakaenda kwenye vyama. Paul Bomani na wenzake walizunguka vijijini wakiwahimiza watu wajiunge, na mwaka 1955 likazaliwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, makao yake Mwanza. Shirikisho likanunua pamba, kisha likapata na vinu vyake lenyewe. Kabla ya Uhuru wa 1961 lilikuwa tayari ni moja ya vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika, na Bomani mwenyewe baadaye akawa Waziri wa Fedha.

Kisha likaja Azimio la Arusha, tarehe 5 Februari 1967. Mabenki na makampuni makubwa yakataifishwa. Mwaka 1968 kikafunguliwa kiwanda cha nguo cha Urafiki, Dar es Salaam, kwa msaada wa China, ili pamba yetu ifumwe hapa hapa badala ya kusafiri nje ikiwa marobota na kurudi ikiwa khanga. Hiyo ndiyo hatua ya pili ya uzalendo wa kiuchumi: kuuza kitu kilichotengenezwa.

Lakini ndugu mkulima, tuseme kweli. Mwaka 1966 tume ya serikali ilichunguza vyama vya ushirika ikakuta wizi, upendeleo na hesabu mbovu. Safari hii aliyeshika mizani hakuwa mgeni. Alikuwa katibu wa chama, jirani yetu kabisa. Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika, na mazao yakanunuliwa na mamlaka za serikali. Yote yalifanywa kwa jina la taifa. Lakini je, mkulima alibaki na nini? Ile sauti aliyoipigania tangu miaka ya 1950 ilinyamazishwa kwa siku moja. Malipo yakachelewa, na wengi wakapunguza pamba wakalima chakula. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyovirudisha vyama.

Basi, somo ni lipi? Kumwondoa mgeni kwenye mizani ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mkulima mwenyewe kuweza kuisoma mizani, kulikagua daftari, na kumwondoa karani mwizi bila kumwogopa. Bila hivyo, mali inakuwa ya taifa kwa jina tu, na mlima pamba anabaki na jasho lake.

Tena hatua ile ya pili nayo haijaisha. Mpaka leo sehemu kubwa ya nyuzi za pamba ya Tanzania inauzwa nje bila kufumwa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo kwenye mkutano ujao wa chama chako, usikae nyuma ukisinzia. Simama, uliza: mizani imekaguliwa lini, na daftari liko wapi?

Kazi njema, ndugu mkulima.