Ndege wa Jiwe la Tabaka

George Stubbs, mwana wa fundi wa ngozi, alizaliwa Liverpool, nchini Uingereza, mwaka 1724. Alipokuwa mtu mzima alijitenga katika kijiji cha Horkstow yapata miezi 18, akipasua mizoga ya farasi na kuchora kila mfupa na kila msuli aliouona. Kazi hiyo ilitoka kitabuni mwaka 1766, naye hakuacha kuwachora farasi mpaka alipofariki mwaka 1806.

Kwetu Kisii na Nyamira farasi si mnyama wa nyumbani. Mbung'o na maradhi ya farasi vilimzuia asienee katika sehemu nyingi za Afrika. Lakini shauku kama ile ya Stubbs si ngeni kwetu, na mahali pa kuitazama ni Tabaka.

Huko Tabaka huchimbwa jiwe la sabuni. Tangu zamani Wagusii walilichonga bakuli, viko na mbao za bao. Jiwe hili ni laini, hata panga na kisu hulitosha. Baadaye husuguliwa kwa msasa na maji mpaka ling'ae. Rangi yake huwa nyeupe, ya kijivu au ya waridi. Ila ulaini huo ni hila. Mti una nyuzi zinazoshikana, bali jiwe halina; ukilichonga jembamba mno huvunjika. Shingo ya twiga imewaliza wachongaji wengi.

Elkana Ong'esa alizaliwa Tabaka mwaka 1944. Alisoma Chuo Kikuu cha Makerere, na baadaye McGill huko Kanada. Wakati huo biashara ya watalii ilikuwa ikikua, na mnunuzi alitaka viboko mia wanaofanana kama vidole. Simlaumu mchongaji aliyewachonga, maana karo za watoto wake hazikungoja. Lakini kiboko wake alifika ng'ambo bila jina la aliyemchonga. Ong'esa alifuata njia nyingine: alichonga sanamu kubwa, zenye jina lake. Miongoni mwake mashuhuri ni Enyamuchera, ndege wa amani, aliyewekwa Paris katika makao makuu ya UNESCO, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni. Fikirini, wasomaji, ugumu wa jambo hili: kulifanya jiwe zito lionekane kama kiumbe kinachoweza kuruka! Mwaka 2014 alikwenda Washington katika tamasha la Smithsonian, kuchonga mbele ya macho ya watu.

Mwaka jana niliwagawia wanachuo wangu vipande vya jiwe, kila mmoja achonge apendacho. Kijana mmoja, mwenyeji wa Nyamira, akachagua farasi aliyemwona pichani tu. Miguu ilivunjika, mmoja baada ya mwingine. Akaomba kipande cha pili. Safari hii hakulitoa jiwe lote lililokuwa chini ya tumbo, bali alilichonga mfano wa majani marefu, na miguu ikashikwa humo. Sikuwa nimemwambia kwamba wachongaji wa Ulaya, waliochonga farasi wa marumaru, walikuwa wakiacha gogo la mti mahali papo hapo, kwa sababu ile ile.

Farasi yule amesimama dirishani mwa darasa letu. Sikio lake moja limevunjika.