Damu Inapoganda Mahali Isipotakiwa

Kila aliyepata kujikata kwa kisu anajua kwamba damu hutoka, kisha huganda na jeraha likaziba. Tusingekuwa na uwezo huo, hata mkato mdogo ungeweza kutuua. Lakini je, damu ikiganda ndani ya mshipa usio na jeraha lo lote?

Aliyelieleza jambo hili vizuri ni Rudolf Virchow, daktari kijana wa Berlin, Ujerumani. Katika miaka ya 1840 kazi yake ilikuwa kupasua maiti katika hospitali ya Charité ili kujua kilichowaua wagonjwa. Mara kwa mara alikuta bonge la damu limeziba mshipa wa mapafu. Wakubwa wa elimu ya uganga wa siku zile walishikilia kuwa damu hiyo iliganda papo hapo mapafuni. Virchow hakuridhika, maana aliona kwamba mishipa ya miguu ya maiti hizo nayo ilikuwa na damu iliyoganda. Akatia vipande vya mpira katika mishipa ya mbwa, akaja kuvikuta mapafuni. Basi bonge hukatika mguuni, likachukuliwa na damu, likapita moyoni na kwenda kukwama mapafuni. Kutokana na kazi aliyoichapisha mwaka 1856, madaktari hufundishwa mpaka leo sababu tatu za damu kuganda hivyo: ukuta wa ndani wa mshipa kudhurika, damu kwenda polepole mno, na damu yenyewe kubadilika.

Tubaki Ujerumani, ila tuvuke zaidi ya miaka 160. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona, yaani UVIKO-19, ulipoingia, wengi waliuhesabu kuwa ni ugonjwa wa mapafu, basi. Mwanzoni madaktari wa huko walishauriwa wasipasue maiti kwa kuogopa maambukizo, na hofu hiyo haikuwa ya upuuzi. Hata hivyo mji wa Hamburg uliamua kupasua. Katika maiti 12 za kwanza, 7 zilikuwa na damu iliyoganda katika mishipa mikubwa ya miguu, na kabla ya kufa hakuna aliyeshuku. Wanne waliuawa hasa na mabonge yaliyoziba mapafu.

Tazameni sasa zile sababu tatu. Virusi hivi, pamoja na ghadhabu ya mwili unaopigana navyo, huudhuru ukuta wa mishipa. Mgonjwa hulala siku nyingi bila kutembea, na damu ya miguuni ikazorota. Tena homa kali huzidisha katika damu zile protini za kugandisha. Yote matatu kwa mtu mmoja!

Dawa ya kuzuia damu isigande ilikuwapo zamani. Ni heparini, iliyopata jina lake kutokana na neno la Kigiriki la ini, kwa kuwa mwaka 1916 mwanafunzi wa udaktari huko Baltimore, Marekani, Jay McLean, aliigundua chanzo chake katika ini la mbwa. Shida ilikuwa kipimo, kwa maana heparini ikizidi mgonjwa huvuja damu. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba kipimo kikubwa kiliwasaidia waliolazwa kabla hawajazidiwa. Waliokwisha kufikia hali ya mahututi hakikuwafaa.